Mwalimu na Mbalungi wa Uani

Mwalimu mmoja mstaafu wa Ngamiani, Tanga, alikuwa na mbalungi uani kwake, uliozaa mpaka matawi yakategemezwa kwa miti. Majirani walijichumia, watoto wa madrasa waliokota yaliyoanguka, na bado mkewe alibaki na ndoo mbili tatu za kugawa. Kisa hiki ni cha kutunga, kwa hiyo msomaji wa Tanga asijisumbue kuitafuta nyumba. Ila hakuna kipande chake ambacho hakijawahi kumpata mgonjwa wa kweli mahali fulani duniani.

Mwalimu alikuwa na miaka 68, presha, na mafuta mengi kwenye damu. Kliniki ilimpa vidonge vya aina mbili: amlodipini ya presha na rosuvastatini ya kolesteroli. Wagonjwa wa namna yake ni wachache. Hakuruka siku, hakukosa tarehe ya kliniki, na daftari lake la vipimo lilipigwa mistari kwa rula. Miaka miwili ikapita salama. Balungi alikula moja moja, siku akijisikia.

Kisha mambo mawili yakabadilika ndani ya mwezi mmoja, na hakuna aliyeyaweka pamoja.

La kwanza, alipokwenda kuchukua dawa aliambiwa rosuvastatini haipo. Akapewa simvastatini ya miligramu 40. "Ni ileile tu, Mwalimu, jamii moja," akaambiwa dirishani. Vidonge vikamiminwa kwenye bahasha ndogo ya kaki, juu yake pameandikwa 1x1 usiku. Boksi lenye karatasi ya maelezo lilibaki upande wa pili wa dirisha. Foleni ilikuwa ndefu, naye Mwalimu hakuwa mtu wa kushikilia foleni.

La pili lilitokea barazani. Rafiki yake wa siku nyingi alimtazama akimeza kidonge, akatikisa kichwa. "Mwalimu, kolesto huwezi kuitoa kwa vidonge peke yake. Una mbalungi uani, unangoja nini? Balungi linakata mafuta. Piga glasi kubwa asubuhi, nyingine alasiri, halafu kapime uone." Shauri lilimwingia. Tunda lenyewe ni la kwake, halina mbolea ya dukani wala sukari, na ni la bure. Mama watoto akaanza kukamua.

Imani kwamba balungi, limau au ndimu "hukata mafuta" imeenea Pwani na bara. Nadhani ilianzia jikoni: limau likipita kwenye sufuria, mafuta yanatoka, basi mtu anafikiri na mishipa nayo itasafishika vivyo hivyo. Haisafishiki. Ukali wa tunda unaishia tumboni na utumboni, hauifikii damu ukiwa ukali. Kama imani hiyo ingekuwa kosa tupu lisilo na madhara, ningeiacha ipite. Tatizo ni kwamba kwa mtu anayemeza simvastatini, balungi linafanya kazi nyingine kabisa.

Wiki ya tatu mapaja yalianza kumuuma. Si maumivu ya sehemu moja, ni miguu yote miwili, kutoka nyonga mpaka magotini, na mabega nayo. Kupanda ngazi za msikitini kukawa kazi. Siku moja alishindwa kuinuka kutoka sijida mpaka akashika bega la jirani. Akasema ni uzee. Mkewe akasema mwili umekosa vitamini, akaongeza glasi ya tatu mchana.

Akaenda duka la dawa la mtaani. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu. Misuli inaniuma kama niliyelima ekari." Kijana akampa dikilofenaki ya siku tano. Hakuuliza Mwalimu anatumia dawa gani nyingine, na Mwalimu hakusema, kwa sababu alikuja kwa ajili ya misuli na hakuja kwa ajili ya kolesteroli. Dikilofenaki ni dawa nzuri ya maumivu, lakini kwa figo zilizo taabani ni mzigo juu ya mzigo, na figo za Mwalimu zilikwisha kuanza kuelemewa bila mwenyewe kujua.

Siku ya nne mkojo ukatoka rangi ya chai ya rangi iliyolala kwenye birika. Akanyamaza siku mbili. Wanaume wa umri wake husema habari za presha barazani kwa sauti kubwa, lakini habari za mkojo hawamwambii mtu. Mkewe ndiye aliyegundua, na alipogundua hakungoja ushauri. Bajaji iliitwa.

Hospitalini daktari alikuwa binti wa umri wa mjukuu wake wa kwanza.

"Baba, unatumia dawa gani?"

Mwalimu akazitaja zote tatu kwa usahihi, pamoja na miligramu.

"Na kingine chochote? Dawa za miti shamba, unga wa mlonge, vidonge vya kuongeza nguvu?"

"Hakuna."

"Na yale mabalungi je?" mkewe akadakia.

Mwalimu akacheka kidogo, cheko la mtu anayemsahihisha mwanafunzi mbele ya mgeni. "Mama watoto, daktari anauliza dawa. Balungi ni tunda."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, anakunywa kiasi gani?"

"Glasi tatu kwa siku. Lakini juisi ni mchana, kidonge ni usiku. Havikutani."

Vilikutana. Ili kuelewa vilivyokutana, turudi nyuma kidogo kwenye dawa zenyewe.

Kolesteroli nyingi iliyo kwenye damu yetu haitoki moja kwa moja kwenye sahani. Ini ndilo linaloitengeneza, na hufanya kazi hiyo zaidi usiku, ndiyo maana simvastatini humezwa jioni. Dawa za jamii ya statini huzuia kimeng'enya kimoja cha ini ambacho ini haliwezi kutengeneza kolesteroli bila hicho. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata ya kwanza, miaka ya 1970, baada ya kupekua maelfu ya aina za kuvu. Aliikuta kwenye jamaa wa ukungu unaotoa penisilini. Lovastatini, iliyokuwa ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1987, nayo ilitokana na kuvu. Nawakumbusha hili wale wanaosema kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru kwa kuwa ni cha asili. Dawa iliyomlaza Mwalimu ilianza kama ukungu, na kilichoigeuza kuwa sumu kilianza kama ua la mbalungi. Vyote viwili ni vya asili.

Sasa, kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kingine, jina lake CYP3A4. Kazi yake ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijaingia mwilini. Kifikirie kama forodha ya bandari: kila shehena inapita hapo na kukatwa ushuru. Simvastatini hukatwa ushuru mkubwa mno. Kati ya miligramu 40 anazomeza mtu, zinazofika kwenye mzunguko wa damu zikiwa nzima ni chini ya asilimia 5. Waliopanga dozi wanalijua hilo, na kile kidogo kinachopita ndicho walichokikusudia.

Balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikifika utumboni zinakiharibu kimeng'enya hicho, wala hazikilazi kwa muda tu. Mwili hulazimika kutengeneza kingine kipya, na kazi hiyo huchukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo hesabu ya mama watoto ya mchana na usiku haikuwa na msaada. Juisi ya asubuhi iliiacha forodha bila mtu mpaka usiku, na kabla hajapatikana mtu mwingine, glasi ya kesho ikawa imefika. Shehena yote ikapita bila ushuru. Mwaka 1998 watafiti wa Finland waliwapa watu juisi ya balungi iliyokolezwa mara mbili, glasi tatu kwa siku. Simvastatini mwilini mwao ikapanda mara 16. Juisi ya kawaida, glasi moja tu kwa siku, ilitosha kuipandisha zaidi ya mara 3.

Jambo hili lenyewe liligunduliwa kwa bahati. Huko London ya Kanada, katika jimbo la Ontario, David Bailey na wenzake walikuwa wakichunguza kama pombe inaathiri dawa moja ya presha iitwayo felodipini. Ilibidi wafiche ladha ya pombe ili watu wasijue nani amepewa na nani hakupewa, na juisi iliyoficha vizuri kuliko zote ilikuwa ya balungi. Vipimo vilipotoka, kiwango cha dawa kilikuwa juu hata kwa wale ambao hawakupewa pombe. Walichapisha mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari walikuwa wakipima jinsi dawa inavyogombana na dawa, na tunda la mezani halikumpitia mtu akilini.

Simvastatini ikizidi mwilini, huiumiza misuli. Mara nyingi ni maumivu tu. Mara chache sana misuli hubomoka hasa, na mabaki yake, protini iitwayo mayoglobini, humwagika kwenye damu na kwenda kuziba figo. Ndiyo iliyoutia mkojo wa Mwalimu rangi ile. Mwaka 2004 madaktari wa Berlin waliandika habari za mwanamke wa miaka 40 aliyetumia simvastatini muda mrefu bila tatizo. Akaanza kula balungi moja kila siku, na hazikupita wiki nyingi akaletwa hospitali misuli ya miguu ikiwa dhaifu na inauma. Balungi moja, jamani, si ndoo.

Mwalimu alikuwa na shida nyingine ambayo hata balungi lisingekuwapo ingemkaribisha pabaya. Amlodipini, kidonge chake cha presha, nayo huipandisha simvastatini, si sana lakini inatosha. Kwa sababu hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza mwaka 2011 kwamba anayetumia amlodipini asizidishe miligramu 20 za simvastatini. Yeye alikuwa akipewa 40. Basi "jamii moja" ya dirishani ilikuwa kweli, lakini haikuwa kweli ya kutosha. Simvastatini na lovastatini hupita forodha ile na huathirika sana na balungi. Atorvastatini huathirika pia, ingawa kidogo kuliko hizo. Rosuvastatini, pravastatini na fluvastatini hupita njia nyingine, na balungi haliziathiri kwa kiasi cha kutisha. Ndiyo maana miaka ile miwili ya kwanza Mwalimu alikula mabalungi yake na hakupatwa na kitu. Tunda lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kidonge.

Nani wa kulaumiwa? Mimi simlaumu rafiki wa barazani. Alitoa alichokuwa nacho. Mke wa Mwalimu simlaumu hata kidogo, maana ndiye peke yake aliyetoa taarifa iliyomwokoa mumewe. Lawama yangu ni kwa yale madirisha mawili ambapo swali lilikosekana. Dirisha la kwanza lilibadilisha dawa bila kumwambia mtu kilichobadilika. La pili liliuza dikilofenaki kwa mzee wa miaka 68 bila kumuuliza anameza nini kingine. Na Mwalimu naye ana fungu lake, kwa kuwa aliamini kwamba kinachotoka mtini hakihesabiwi.

Mtu akisoma mpaka hapa atauliza kuhusu matunda mengine. Danzi, lile chungwa chungu la kutengenezea achari, lina kemikali zilezile, kwa hiyo liingie kundi moja na balungi. Chungwa tamu la Muheza na chenza havina shida hii, kula. Wale wanaomwambia mgonjwa aache "matunda yote makali" wanamnyima chakula kizuri bila sababu, na wiki ya pili atakuwa amechoka na kurudia kila kitu, pamoja na balungi.

Pombe ni habari nyingine. Statini hufanya kazi kwenye ini, na mtu anayelichosha ini lake kila jioni kwa mnazi, gongo au bia anaharibu sehemu ileile ambayo dawa inaitegemea. Ulevi wa kupindukia huongeza pia hatari ya misuli kubomoka. Hapo sina maneno mengi.

Tui la nazi, samli, mawese, kiuno cha mbuzi chenye mafuta na ngozi ya kuku wa kukaanga havigombani na kidonge kwa namna ya balungi. Vyenyewe vinaivuta kolesteroli juu wakati kidonge kinaivuta chini. Mafuta ya nazi ni ya aina ile inayoganda kwa zaidi ya asilimia 80, na mawese kwa karibu nusu. Sisemi mtu wa Tanga aache wali wa nazi, nani atanisikiliza? Nasema usiwe wa kila siku, na samaki apakwe tui jepesi badala ya tui la kwanza. Hapohapo nitoe dukuduku langu kuhusu chupa za mafuta ya kupikia zilizoandikwa kwa maandishi makubwa kwamba hazina kolesteroli. Mafuta ya mimea yoyote hayana, kolesteroli ni ya wanyama. Kujisifia hilo ni sawa na kuuza maji kwa kutangaza kwamba hayana mifupa. Swali la kuuliza ni mafuta hayo ni ya aina gani, na yamerudiwa kukaangia chipsi mara ngapi.

Kosa la kawaida zaidi kwenye meza zetu ni lile la kusema, "Nimekwisha kumeza dawa, leteni nyama." Si letu peke yetu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwalinganisha watumiaji wa statini wa mwaka 1999 na 2000 na wale wa miaka kumi baadaye. Wa baadaye walikuwa wakila kalori zaidi kwa karibu asilimia 10, na mafuta zaidi kwa asilimia 14. Wasiotumia dawa hawakubadilika hivyo. Kidonge kiligeuka ruhusa.

Tusisahau dawa zinazofanya kazi ileile ya balungi kwa nguvu zaidi. Antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini, vidonge vya fangasi vya ketokonazo na itrakonazo, na dawa za VVU zenye ritonaviri, zote huiacha forodha ileile bila mtu, na simvastatini haitakiwi kutumika pamoja nazo. Anayetumia rosuvastatini yeye aangalie dawa za kiungulia zenye magnesiamu na alumini. Zinapunguza nguvu ya kidonge, na ziachane nacho kwa saa mbili.

Kuna msomaji ambaye sasa hivi ameshaanza kusikia mapaja yanamuuma, na bahasha yake ya kaki iko mezani. Ndugu yangu, usiitupe. Watu wengi wanaotumia statini huumwa misuli kwa sababu zisizo za dawa: shamba, mpira, umri, au hofu yenyewe. Watafiti wa London ya Uingereza walichapisha mwaka 2020 jaribio dogo kwa watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya maudhi. Waliwapa miezi ya statini na miezi ya vidonge vitupu bila kuwaambia upi ni upi, na sehemu kubwa ya maudhi, yapata asilimia 90, ilijitokeza hata kwenye vidonge vitupu. Kubomoka kwa misuli ni nadra. Kiharusi na mshtuko wa moyo, ambavyo dawa hizi huvizuia, si nadra. Maumivu ya kawaida yapeleke kliniki kwa tarehe ya karibu. Lakini misuli ikidhoofika mpaka kuinuka ni shida, au mkojo ukiwa mweusi, usingoje tarehe, nenda siku hiyohiyo.

Mwalimu alilazwa. Simvastatini na dikilofenaki vilisimamishwa usiku uleule, akawekewa dripu nyingi za kusafisha figo, na damu yake ikapimwa kila asubuhi. Kwa siku tatu madaktari walikuwa wakijadili kumpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zikageuka zenyewe siku ya nne. Miguu ilichukua miezi kurudi. Baadaye alianzishiwa rosuvastatini kwa dozi ndogo, kwa uangalizi, na presha yake ikaendelea na kidonge kilekile. Alikuwa na bahati: alifika hospitali figo zikiwa bado zina uwezo wa kugeuka, na aliyefuatana naye alikuwa mtu asiyeogopa kumkatiza mumewe mbele ya daktari.

Kwa hiyo, wewe mwenye tarehe ya kliniki wiki hii, tia vidonge vyako vyote kwenye mfuko mmoja, vya hospitali, vya dukani na vya mganga, uende navyo. Taja na unachokula kila siku, hata kama ni tunda la uani. Ukibadilishiwa dawa, uliza jina la mpya, na uliza kama inapatana na balungi na kidonge chako cha presha. Foleni nyuma yako itangoja. Nanyi mlio nyuma ya dirisha, mkimpa mgonjwa simvastatini, pale kwenye bahasha chini ya 1x1 pana nafasi ya maneno mawili zaidi: usile balungi. Yaandikeni.